Habari za Paa

Jumatatu, 4 Machi

Wifi yangu anasema mtu atakayesimama mbele ya baraza la mji hawezi kuamka siku hiyohiyo na kuanza kutafuta maneno. Mkono na kichwa lazima vizoee kuyapanga, kwa hiyo niandike kila siku, hata mstari mmoja. Haya, naandika.

Leo tulikaa kikao, sisi wa Jengo la Mafundi: washona nguo, washona viatu, na watengeneza saa wawili ambao hawasemeshani tangu enzi na enzi. Ajenda ilikuwa moja tu, paa. Mwaka juzi lilikuwa linavuja. Mwaka huu halivuji, linatuogesha. Tarehe mbili Mei baraza litachagua jengo moja la kuezekwa upya, na tusipochaguliwa, zamu nyingine ni baada ya miaka mitatu. Wenzetu kadhaa wamesema mvua nyingine kama hizi hawazingoji, watatafuta vibaraza vya watu. Wakiondoka hao, wateja watawafuata, na sisi tuliobaki tutakuwa tunashoneana wenyewe kwa wenyewe. Akahitajika mtu wa kwenda kusema. Wote wakageuka kunitazama, hata kura haikupigwa. Mshona viatu alisema mdomo ninao, basi safari hii niutumie kwa faida ya umma.

Jumatano, 6 Machi

Hotuba nimeimaliza kwa jioni moja. Mume wangu ameisikiliza akapiga makofi. Kesho namsomea wifi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo siandiki.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepoa kidogo. Wifi ni mdogo wake mume wangu, mwalimu wa jiografia. Amehamishiwa shule ya hapa jirani na anakaa kwetu mpaka apate nyumba. Ni mtu wa taratibu zake, hata mfuko wa nailoni anaukunja pembe nne. Basi jana nilisimama mbele yake, mkono kiunoni, nikaanza: "Wahenga walisema." Akaniuliza wahenga gani, na walisema kuhusu paa lipi. Nikasema kila mtu anajua tunavyoteseka. Akauliza kila mtu ni nani na nani. Nikasema maelfu ya wateja wamekimbia. Akauliza kwa upole kama nimewahi kuwa na maelfu ya wateja.

Alipomaliza kukata, hotuba yangu ilibaki na "Waheshimiwa, habari za asubuhi" na "Asanteni kwa kunisikiliza." Na hiyo asubuhi nayo, akasema, nihakikishe kwanza kama kikao si cha mchana.

Nilinuna mpaka mboga nikaitia chumvi mara mbili. Nikamwambia mume wangu dada yake ana roho ya korti. Akasema ndivyo alivyo, hata harusini kwetu alihesabu viti.

Jumapili, 10 Machi

Mvua.

Jumanne, 12 Machi

Wifi amenipeleka masijala ya baraza, mahali wanapohifadhi mafaili. Anasema kabla hujabishana na mtu, jua kwanza yeye ameandika nini. Tukaomba ripoti ya jengo letu, tukapewa karatasi mbili. Katikati ya ya pili pameandikwa: "Hali ya paa ni nzuri. Mafundi waliohojiwa wamethibitisha kuwa ni nzuri."

Ripoti ni ya yule afisa aliyepita kwetu mwezi wa pili, tukampachika jina Bwana Mwavuli kwa sababu alitembea ndani ya jengo amefungua mwavuli. Nikamwambia wifi ushahidi ndio huo, mwavuli. Akasema hayo ni masengenyo, sisi tunataka kitu ambacho hata afisa mwenyewe hawezi kukikana. Dawa ya ripoti ni ripoti. Nizunguke meza kwa meza, niwaulize wenzangu mmoja mmoja, niandike wanachosema bila kuongeza la kwangu.

Kuwauliza watu habari zao ndiyo kazi ninayoifanya bure kila siku. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa.

Ijumaa, 15 Machi

Nimezunguka jengo zima na kalamu sikioni. Kila meza nilisalimia, nikauliza habari za paa, nikaandika jibu. Majibu ni haya: Nzuri. Nzuri. Nzuri, za kwako? Salama. Nzuri tu, tunashukuru. Mshona sare za shule alinijibu nzuri huku amepakata beseni. Mzee Pindo, aliyenifundisha kazi hii, alisema, "Njema, mwanangu," akafunika cherehani yake na turubai akatoka nje, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Siku hizi mvua ikidondoka tu, Mzee Pindo haonekani. Kazi za harusi anazikataa. Nimewahi kusema kwamba uzee umemletea maringo, na bado nasema.

Nilimkabidhi wifi karatasi zangu. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akacheka. Tangu aje kwangu sijamsikia akicheka, na leo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi," akasema, "wewe umekwenda kutuletea ripoti yao."

Mimi sikucheka. Watu wale wale wanaonililia kila siku ndio wameniambia nzuri. Nimelala na hasira.

Jumamosi, 16 Machi

Gauni la mteja limelowa. Nimelikausha kwa pasi. Limelowa tena.

Jumatano, 20 Machi

Shule ya wifi ina kipimo cha mvua, na wanafunzi wanaandika kila asubuhi imenyesha kiasi gani. Wifi anataka nasi tuweke ndoo chini ya matundu, tupime yanayoingia, halafu tulinganishe. Tumeweka ndoo. Jua kali.

Alhamisi, 21 Machi

Jua.

Ijumaa, 22 Machi

Jua. Mshona viatu ameniuliza kama hotuba itagusia na ukame. Halafu akanivuta pembeni, akashauri tumwage maji wenyewe tupige picha, nani atajua. Wazo lilinikaa vizuri, siwezi kusema uongo. Jioni nikampima nalo wifi. Akasema uongo mmoja ukishikwa, unaondoka na ukweli wote uliosimama karibu nao. Nimekwenda kumwambia mshona viatu hapana.

Jumapili, 24 Machi

Leo nina la kuandika.

Mvua ilirudi alfajiri, kubwa. Kila siku asubuhi namwuliza wifi habari za kulala, ananijibu nzuri, mimi huyoo nimeshafika jikoni. Leo mkaa ulikuwa na unyevu, chai ikachelewa, na mimi nikajikuta nimekaa mbele yake sina pa kukimbilia. Nikamwuliza habari za kulala. Akasema nzuri. Nikabaki namtazama, si kwa hekima yoyote, nilikuwa na usingizi. Akazungusha kikombe kitupu mezani. Nikaendelea kumtazama.

"Ila godoro limelowa," akasema.

Nikauliza limelowa lini. Kumbe tangu wiki aliyofika. Dirisha la chumba chake linapitisha maji, yanaingia kwa miguuni, na usiku wa mvua analala amekunja miguu kwenye kiti. Mwezi mzima na zaidi, nyumbani kwangu, mgeni wangu, wifi yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniuliza habari," akasema. "Mtu akiulizwa habari hawezi kujibu mbaya asubuhi asubuhi. Na nilipotaka kuendelea, ulikuwa umeshaondoka."

Nikamwambia arudie alichosema. Akarudia polepole, na katikati ya kurudia akaweka mkono mdomoni. Maana ndiyo hiyo. Nani kati yetu huulizwa habari akajibu mbaya? Mtu nyumba yake imeungua, atasema nzuri kwanza, ndipo aseme ila jana imeungua. Nzuri si jibu, ni mlango tu. Bwana Mwavuli alibisha, akafunguliwa, akaandika hali ya mlango, akaenda zake. Na mimi nikafanya vilevile, tena kwa mwandiko mbaya zaidi.

Wifi amehamia chumbani kwangu, na mume wangu amehamia sebuleni. Ameuliza kama kuna pa kukata rufaa.

Jumanne, 26 Machi

Wifi amenifundisha upya. Salamu nizimalize zote, za watoto, za wagonjwa, za nyumbani, hata kalamu nisiishike. Ndipo niulize kitu ambacho hakijibiki kwa nzuri: mara ya mwisho maji yalikuingilia lini, na ulifanya nini? Kisha ninyamaze. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kushona koti. Leo nilijing'ata ulimi meza kwa meza, na majibu yakaja yenyewe. Mshona sare amehamishia vitambaa vyake nyumbani kwake, kila asubuhi anavibeba kichwani kuvirudisha. Mmoja ameshalowesha nguo za bwana harusi, akamkodishia nyingine. Watengeneza saa wawili nao, kila mmoja kwa wakati wake, walinieleza kuhusu tundu lile lile, siku ile ile, na jinsi saa za wateja zilivyoingia maji. Wifi alifurahi mno aliposikia hawasemeshani. Anasema mashahidi wawili wasioweza kupanga maneno ni hazina, na tafadhali nisiwapatanishe kabla ya Mei.

Jumatano, 27 Machi

Vifungo tu, kutwa nzima.

Jumanne, 2 Aprili

Nilimwacha Mzee Pindo awe wa mwisho, kwa sababu nilijua nitasikia maringo. Nikampa shikamoo, nikamaliza salamu, nikauliza mara ya mwisho maji yalimwingilia lini.

Akasema hali ni njema. Nikanyamaza. Akasema tunamshukuru Mungu. Nikanyamaza. Akasema mvua ni neema. Niliubana ulimi mpaka machozi yakanilenga.

"Ila umeme ulinirusha," akasema.

Maji huteremka ukutani kwake mpaka kwenye soketi ya cherehani. Mwaka jana alikanyaga pedali, akashtukia yuko chini. Nakumbuka siku hiyo. Alituambia ni kizunguzungu, tukamnunulia soda tukamtania kwamba ameona msichana. Tangu hapo mvua ikianza anafunika na kutoka, na kazi za harusi anazikataa kwa sababu hawezi kumwahidi mtu siku. Anaogopa. Mwalimu wangu anaogopa kiti chake mwenyewe, na mimi huku nyuma nimetangaza kwa watu kwamba anaringa.

Akasema kazi nyingine haijui na kibaraza cha mtu hatakwenda. Paa lisipobadilishwa safari hii, anafunga cherehani moja kwa moja. Nikalia. Akaniambia ninyamaze, maji yanatosha humu ndani.

Nilitaka nikimbie moja kwa moja kuiandika hotubani, lakini wifi ameshaniambia neno la mtu likichukuliwa bila ruhusa yake si ushahidi tena, ni umbea. Nikaomba ruhusa. Mzee Pindo akafikiri sana, kisha akasema, "Sema. Ila jina usitaje, na usiseme mzee. Sema fundi mzoefu."

Jumanne, 9 Aprili

Ndoo zimejaa kwa mvua ya rasharasha tu, na kipimo cha shule kinathibitisha ilikuwa rasharasha. Maana yake hata tukingoja mvua zipungue hakuna nafuu. Wifi aliziangalia zile namba kama wengine wanavyoangalia picha za harusi. Mimi nazo zimeanza kunipendeza, ila sijamwambia.

Jumamosi, 13 Aprili

Mazoezi. Wifi anajifanya diwani, na ni diwani mkorofi. Nilisema maji yanaingia kama mto, akasema mto upi. Nikakasirika, nikamjibu kwamba nikianza kupiga pindo la suruali moja na beseni tupu pembeni, pindo likiisha beseni limejaa. Akaacha kuandika. Akasema hiyo iache hivyohivyo, hiyo hata yeye ameiona.

Kumbe nilikuwa nayo siku zote, na nilikuwa naiacha nyumbani kwa sababu haina wahenga.

Jumatano, 17 Aprili

Tumegombana. Wifi anataka hotuba itaje na ile raundi yangu ya kwanza, ya nzuri nzuri. Nikamwambia mtu haendi vitani amembebea adui risasi. Akasema mtu anayeficha nusu ya alichokipata, nusu aliyoionyesha nayo haiaminiki. Nikasema sitaki. Akasema sawa. Tukala kimya, mume wangu akala haraka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeitia. Sijamwambia, nimemwekea karatasi juu ya godoro lake jipya.

Alhamisi, 2 Mei

Kikao kilikuwa cha mchana. Ningesema habari za asubuhi ningechekwa mlangoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilivaa gauni langu la njano, la heshima. Wifi alikaa mstari wa mbele na karatasi zake zimekunjwa pembe nne, Mzee Pindo nyuma kabisa karibu na mlango. Alianza msimamizi wa gereji ya magari ya baraza, naye paa anataka, amekuja na picha kwenye fremu. Kisha Bwana Mwavuli akasoma ripoti yake. Gereji, hali mbaya. Jengo la Mafundi, hali nzuri. Nje jua linawaka, hata wingu moja la kunisaidia hakuna.

Nikaitwa. Nilikuwa nimeanza tu kusema sikubaliani na ripoti, Bwana Mwavuli akaomba nafasi. Alifungua karatasi zake za siku ile, akasoma kwa sauti: "Fundi wa kike, meza ya karibu na mlango, gauni la njano. Amesema: Nzuri kabisa, karibu sana."

Ukumbi mzima ukalitazama gauni langu. Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia hata kwenye harusi. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi hotuba yote ikaniruka, nikabaki nimeishika karatasi siioni. Nikamtafuta wifi kwa macho. Hakuwa anacheka. Alinipungia kidole chini, taratibu, maana yake ngoja. Nikangoja. Watu wakacheka wakaishiwa, na walipoishiwa wakawa hawana budi kunisikiliza.

"Mwenyekiti, huyo ni mimi," nikasema. "Nilisema nzuri, na akiniuliza sasa hivi nitasema nzuri. Nani hapa ndani huulizwa habari akajibu mbaya? Mimi mwenyewe niliwauliza wenzangu kama afisa alivyouliza, nikapata majibu yake yale yale, na nimeyaleta, haya hapa. Halafu nikarudi, nikamaliza salamu, nikauliza tena, nikangoja. Tuko mafundi thelathini na wanne. Thelathini na mmoja walikuwa na 'ila'. Afisa hakudanganya. Aliondoka kabla ya 'ila'."

Basi nikawapa. Nikawapa mshona sare na mzigo wake wa kichwani. Nikawapa watengeneza saa, na wanaowajua walitikisa vichwa, maana hawa wawili kukubaliana ni muujiza. Nikawapa ndoo zetu na kipimo cha shule, nikawapa pindo la suruali na beseni. Mwisho nikasema yuko fundi mzoefu aliyerushwa na umeme kwenye kiti chake mwenyewe, na kwamba yeye naye, kila siku, akiulizwa habari, husema njema. Sikugeuka kumtazama. Hakuna aliyecheka tena.

Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani asiyependa mchezo, akauliza hao watatu waliobaki vipi. Nikajibu wanakaa kona moja, walikwishajiwekea bati lao wenyewe. Akaandika. Kisha akamgeukia Bwana Mwavuli.

"Bwana afisa, habari za kazi?"

"Nzuri, mheshimiwa."

Mwenyekiti akavua miwani, akaiweka mezani, akamtazama. Ukumbi mzima ukawa unamtazama, feni tu zinazunguka. Nilianza hata kumwonea huruma.

"Ila," akasema, "nilipewa majengo yote ya mji kwa wiki moja, niko peke yangu. Kwa mafundi niliuliza meza nne za mlangoni. Kule ndani kabisa sikufika. Palikuwa na maji."

Mwenyekiti alimshukuru, na alimshukuru kweli, si kwa kejeli. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Jengo la Mafundi tumechaguliwa, na afisa ameongezewa mtu wa kumsaidia. Tulipotoka nilimkumbatia wifi mpaka karatasi zake zikakunjika ovyo, akasema hazina neno, anazo nakala. Mshona viatu aliniambia nimesema vizuri, ila nimechelewa kunyamaza. Hata yeye sasa ana ila.

Jumatatu, 20 Mei

Wifi amepata nyumba, mtaa wa pili. Nimekwenda kukagua madirisha kabla hajalipa kitu.

Leo wamekuja kuezeka. Msimamizi wao, kijana mcheshi mwenye kamba ya kupimia shingoni, alisimama katikati ya jengo, akatusalimia wote kwa pamoja, akauliza habari za hapa. Mdomo wangu ulikwishafunguka kusema nzuri, kwa mazoea. Lakini Mzee Pindo alinitangulia. Alikwishasimama, amevua miwani yake ya kushonea.

"Ila," akasema, akamshika yule kijana mkono na kumpeleka kwenye kiti chake.